Degre moja tu

Kutoka Likasi mpaka Dar es Salaam ni safari ndefu. Unapita Lubumbashi, unavuka mpaka pale Kasumbalesa, unakata Zambia kwa njia ya Kapiri Mposhi na Mpika mpaka Nakonde, unaingia Tanzania pale Tunduma, kisha inabaki bisi ya Mbeya na usiku wote wa kutikisika. Hata kama hamujaipita ile barabara, munaijua, sababu ndiyo barabara ya kamio zetu za shaba. Nilianza kuzihesabu, nikafika 200, nikaacha. Nyingi zilikuwa zinaelekea bahari, na mimi vilevile.

Ilikuwa mwezi wa 8 mwaka 2024. Niliitwa kwa mukutano wa wachungaji pale Dar es Salaam. Mukutano ulipokwisha, ndugu mumoja wa kule aliniambia: “Mchungaji, usirudi Kongo kabla hujaiona bahari kwa ndani.” Nilimujibu kwamba bahari nimekwisha kuiona, iko pale mbele ya muji. Akacheka: “Umeona mfuniko tu. Chungu hujakifungua.”

Basi, tulipanda boti kubwa mpaka Unguja, karibu saa mbili juu ya maji. Kesho yake asubui tulienda Mbweni, na pale boti ndogo ikatupeleka Chumbe.

Kisiwa cha munara

Chumbe ni kisiwa kidogo, karibu hektari 22, upande wa kusini wa muji wa Zanzibar. Hakuna kijiji pale. Kuna munara wa taa uliojengwa mwaka 1904 kwa kuonyesha meli njia, kuna musikiti mudogo wa wale waliotunza taa zamani, na kuna pori. Upande wa magaribi, chini ya maji, kuna mwamba wa matumbawe. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliufunga ule mwamba: hakuna kuvua, hakuna kutupa nanga. Wengi wa walinzi wake walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Hawashike bunduki. Mutu akikuja kutega pale, wanamukaribia na boti yao na kusema naye, mwenzao kwa mwenzao.

Mulinzi mumoja, muzee mwenye mvi kidogo, ndiye alitupokea. Kiswahili chake kilikuwa kinateremuka kama maji, chetu kilikuwa kinapanda kilima. Nilimuuliza: “Muzee, hii majiwe ya ndani ya maji, nani aliipaka rangi?” Akatabasamu. “Mchungaji, haya si mawe. Haya yanaishi. Na kama yanaishi, basi na kuugua yanaugua.”

Walinivalisha koti la kuelea na miwani ya kuzamia. Sisi watoto wa mugodi hatukufundishwa kuogelea. Nilishika ngazi ya boti na mikono yote miwili, nikatia uso ndani. Ndugu zangu, nilisahau woga. Matumbawe mengine yalikuwa kama pembe za swala, mengine kama shu, mengine kama sahani zilizopangwa, na samaki wa manjano na wa buluu walikuwa wanapita katikati kama watoto wakati wa kutoka masomo. Pale Chumbe wamehesabu zaidi ya aina 400 za samaki. Na kuna sauti! Ile bahari haiko kimya. Inalia tiki-tiki-tiki, kama mafuta katika sufuria ya mikate asubui. Kumbe ni kamba wadogo wanaogonganisha makucha yao.

Katika dunia yote, miamba ya matumbawe inachukua chini ya 1 kwa mia ya sakafu ya bahari. Lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya bahari wanaishi au wanapata chakula pale. Mwamba ukifa, muvuvi wa pwani analala njaa.

Muzee akavuta pumzi, akashuka, akanionyesha na kidole kitu kidogo kilichofungwa na kamba za plastiki kwenye jiwe la zamani. Hakikuzidi kidole gumba changu. Nilifikiri ni takataka. Alipopanda, aliniambia: “Hicho ndicho daktari wetu wa zamu. Halali.”

Kile kitu ni kipima joto kinachojiandikia chenyewe. Ndani yake kuna saa na pile ndogo. Kila nusu saa au kila saa kinapima joto la maji na kuliweka katika kumbukumbu yake, muchana na usiku, miezi mingi. Kisha mutu anashuka kukifungua, anakipangusa majani ya bahari yaliyoota juu yake kama ndevu, anakiunganisha na kompyuta, anasoma yote, anakirudisha pale pale. Na kabla ya kukirudisha, wafanyakazi wazuri wanakitia kwanza katika ndoo ya maji yenye barafu. Maji yenye barafu ni degre 0. Kama chombo kinasema neno lingine, wanajua kinadanganya, na wanajua kinadanganya kiasi gani. Wataalamu wa bahari wa Zanzibar walianza kuweka vyombo vya namna hii katika miamba ya karibu na muji tangu mwisho wa miaka ya 1990.

Wapangaji na mwenye nyumba

Sasa, juu ya nini kupima joto? Muzee alitueleza chini ya muti, na mimi ninawaeleza kama nilivyosikia, na kama nilivyosoma kiisha.

Tumbawe ni nyumba. Ndani wanakaa wanyama wadogo, wengi wao wadogo kama punje ya mahindi, wenye mudomo na vidole vidogo vya kukamata chakula. Wanajenga chokaa chini yao. Wakifa, wengine wanajenga juu, miaka mamia na maelfu, mpaka inakuwa mwamba wa kusimamisha mawimbi. Lakini ndani ya mwili wa kila munyama wanaishi wapangaji: mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Wapangaji wanapata pahali pa kukaa. Na kwa kulipa kodi, wanatumia jua kutengeneza chakula na kumupa mwenye nyumba sehemu kubwa. Hata rangi nyingi nilizoona ni za wapangaji.

Joto la maji likizidi, wapangaji wanaanza kutoa sumu. Mwenye nyumba anawafukuza. Anabaki mweupe kama mufupa, sababu chokaa yake inaonekana kupitia mwili. Watu wa pwani wanasema matumbawe yamepauka. Hayajakufa bado, lakini jiko limezimika. Maji yakipoa upesi, wapangaji wanarudi kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Maji yakikataa kupoa, mwenye nyumba anakufa na njaa, majani yanamufunika, na samaki wanahama.

Nilimuuliza muzee: “Joto lizidi kiasi gani?” Akainua kidole kimoja. Yeye alisema uzi mmoja wa joto. Sisi tunasema degre moja.

Pale Zanzibar, mwezi wa 8 maji yanashuka karibu na degre 25 au 26. Mwezi wa 3 na wa 4 yanapanda karibu na 29 au 30. Matumbawe yamezoea vile. Lakini pandisha degre moja juu ya kiasi cha kawaida cha mwezi wenye joto kupita yote, acha hivyo wiki nyingi, na ugonjwa utaanza. Nilitia mukono wangu ndani ya maji. Ilikuwa 26? Ilikuwa 27? Mukono haukujua.

Jana ilikuwa ngapi?

Pale nilinyamaza, sababu neno lile nilikuwa ninalijua.

Mwaka 2011 mutoto wetu wa tatu alikuwa na miaka miwili. Jioni moja mama yake aliniambia: “Baba, huyu mutoto iko moto.” Niliweka mukono wangu kwenye paji lake. Nilikuwa nimetoka juani. Mukono wenyewe ulikuwa na joto. Nikasema: “Ni jua tu. Alicheza sana inje. Tutaona kesho.” Kesho yake nikasema vile tena. Siku ya tatu alianza kutetemeka na kugeuza macho, ndipo tulikimbia naye kwa dispansere. Mama muguzi alimuwekea termometre, akangoja, akasoma: 40. Kisha akaniuliza: “Jana ilikuwa ngapi? Na juzi?”

Sikuwa na jibu. Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Mutoto alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikie mpaka leo. Sikumulaumu muguzi hata kidogo, wala mama yake. Mama yake alisema. Mimi ndiye niliamini mukono wangu.

Mwili wetu wa kawaida ni karibu degre 37. Ukifika 38 tunasema homa. Ni degre moja tu. Muzee wa Chumbe hakuhitaji kunieleza zaidi.

Mwaka wa homa kubwa

Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilishikwa na homa. Ilikuwa mwaka wa El Niño, ule upepo na maji vinavyobadilika katika bahari ya Pasifiki na kusukuma joto mpaka kwetu. Mwezi wa 3 mpaka wa 5, matumbawe yalipauka Kenya, Mafia, Zanzibar, Shelisheli, Maldivi. Katika visiwa vikubwa vya Shelisheli, karibu 90 kwa mia ya matumbawe hai yalikufa. Kenya, pahali pengi, zaidi ya nusu. Kwa dunia yote, wataalamu walisema karibu 16 kwa mia ya matumbawe yalikufa mwaka ule mumoja. Chumbe nayo ilipauka, lakini sehemu kubwa ilirudi.

Na swali la mama muguzi lilikuwa lile lile: mwaka jana ilikuwa ngapi? Miamba michache tu ilikuwa na jibu. Ndiyo sababu mwaka 1999 ulianzishwa mupango ulioitwa CORDIO kwa kuunganisha watafiti wa nchi za bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania ndani, wapate kupima na kuhesabu kwa namna moja.

Leo kuna pia jicho la juu. Idara ya Marekani ya bahari na hewa, NOAA, inapima joto la bahari kwa satelite, na tangu mwaka 2000 ina kazi maalumu ya kuangalia matumbawe. Inagawa bahari kwa vipande vya kilometre 5, na kila siku inasema kipande gani kina homa. Hesabu yake si ngumu. Kijana wa sekondari ataifanya. Wanachukua joto lililozidi, wanalizidisha na wiki. Degre moja kwa wiki 4 ni 4. Degre mbili kwa wiki 4 ni 8. Wanajumlisha wiki 12 za nyuma. Ikifika 4, matumbawe yanaanza kupauka. Ikifika 8, mengi yanapauka na mengine yanakufa. Mwezi wa 12 mwaka 2023 iliwabidi kuongeza ngazi mpya katika ile hesabu, mpaka 20 na zaidi, sababu joto lilikuwa limepita ngazi za zamani. Mwezi wa 4 mwaka 2024 walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yote yanapauka kwa mara ya nne, na Tanzania ilikuwa katika orodha. Kufika mwezi wa 4 mwaka 2025, karibu 84 kwa mia ya eneo la matumbawe ya dunia lilikuwa limefikiwa na joto la kuweza kuyapausha.

Kama satelite inaona yote, kwa nini muzee anazamia na kamba za plastiki? Sababu satelite inaona ngozi ya bahari tu, na mawingu yanaifunga macho. Tumbawe linaishi chini. Pahali pengine maji ya baridi yanapanda kutoka vilindini, na mwamba unapona wakati jirani yake anakufa. Ndivyo wataalamu walivyoona kati ya kusini ya Kenya na kaskazini ya Tanzania, karibu na maji marefu ya Pemba: matumbawe ya kule yamevumilia kuliko mengine. Satelite peke yake haiwezi kueleza ile siri. Inahitaji mutu wa pale, chombo cha pale, miaka mingi.

Kupima hakuponyi

Kabla ya kurudi nilimuuliza muzee neno lililokuwa linanisumbua. “Muzee, munapima, munaandika, lakini hamuwezi kutia barafu katika bahari. Joto linatoka kwa moshi wa viwanda na motokari za dunia yote. Sasa kupima kunawasaidia nini?”

Hakukasirika. Alisema: “Kupima hakuponyi, mchungaji. Lakini asiyepima huzika tu, hajui hata amezika nini.”

Kisha akahesabu kwa vidole. Kama wanajua joto linapanda, wanapitia mwamba mara nyingi, wanaandika lipi limepauka na lipi limesimama. Wanapunguza watu wa kuogelea juu yake. Wanatoa kiti cha pweza chenye miiba, yule munyama anayekula matumbawe, ili mugonjwa asipigwe mara mbili. Na wanakaza kulinda samaki, sababu samaki wengine wanakula majani yanayofunika matumbawe, na hivyo matumbawe machanga yanapata pahali pa kuota. “Homa siwezi kuishusha,” alisema. “Lakini naweza kuzuia mtu asimkanyage mgonjwa.”

Vijana wetu wengine watasema: Baba pasta, hiyo ni mambo ya watu wa bahari. Sisi hapa tuna udongo na mashimo. Ni kweli, Likasi hakuna tumbawe. Lakini ulizeni ndugu zetu wa Kalemie, Moba na Uvira juu ya ndakala. Ziwa Tanganyika limepimwa joto tangu mwaka 1913. Mwaka 2003 wataalamu walilinganisha vipimo vya zamani na vya sasa, wakaonyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyike vizuri na maji ya chini yenye mbolea ya samaki. Wale waliotelemusha termometre ndani ya ziwa mwaka 1913 walikufa bila kujua namba zao zitajibu swali gani. Waliandika tu sawasawa, na karatasi zilitunzwa. Bila wao tungesema ndakala zimepungua sababu ya nyavu peke yake, na tungebishana mpaka leo.

Wazazi, muwe na termometre nyumbani, na buku ya kuandika. Mutoto akipata joto, andikeni siku, saa na namba, na muende kwa dispansere siku ile ile. Walimu, kipimo cha mvua kinaweza kutengenezwa na chupa na rula. Darasa moja linaweza kukisoma kila asubui na kuachia darasa la nyuma yake lile buku.

Mimi nilinunua termometre mbili pale Kariakoo. Moja iko katika sanduku la dawa. Ingine nilimupa yule mutoto wetu wa sikio moja, ambaye sasa ni kijana. Kila asubui kabla ya masomo anapima maji ya kisima chetu na hewa ya kivulini, anaandika. Siku moja niliangalia buku yake, nikaona mistari miwili haina kitu. Alikuwa mugonjwa siku zile. Nilimuambia: “Jaza tu, weka namba ya katikati, buku ipate kuwa nzuri.”

Aligeuza sikio lake la kuume kwangu, nikarudilia. Akatikisa kichwa. “Hapana, Baba. Siku zile hatukupima.”